Maua Matatu Yaliyoinama Kulia

Kibali hakikutoka. Kwa miezi kumi na minne jengo la kona lilikaa limezungushiwa mabati, halibomolewi wala halijengwi, na mimi niliyepewa usimamizi wa kazi nikabaki msimamizi wa paka wawili na lundo la mchanga lililoota majani.

Aliyelizuia ni mtu mmoja, Afisa wa Majengo ya Zamani. Mwenye jengo, ambaye mafundi tulimwita Tajiri hata mbele ya uso wake, alitaka kuangusha kila kitu apandishe ghorofa nane. Afisa akaandika ripoti kwamba ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, usiguswe. Tajiri akakimbilia kwa wanasheria, Afisa akapeleka suala kwenye Kamati. Barua zikawa zinakwenda na kurudi, na mbeba barua nilikuwa mimi, kwa sababu Tajiri aliapa kwamba hatakanyaga ofisi ya yule mwanamke mpaka azikwe.

Hapo alikosea, maana mimi nilikanyaga kila Jumanne.

Siku ya kwanza nilimkuta amezungukwa na majalada hadi kidevuni. Dirisha lake lilikuwa limekwama nusu, na ubaridi ulikuwa unaingia.

"Mwambie tajiri wako asome kifungu cha tisa," akasema bila kuinua macho.

"Mwambie mwenyewe. Mimi si redio."

Akainua macho. Sijui niseme nini kuhusu macho yale. Nina umri wa miaka arobaini na minane, mke aliniacha zamani bila kuniachia mtoto wala sababu, na nilikuwa nimeshakubali kwamba mambo hayo yamenipita. Macho yale hayakuambiwa hilo.

"Wewe ni nani?"

"Fundi. Nina watu thelathini na mmoja wanaosubiri kazi. Na hilo dirisha nakutengenezea sasa hivi, dakika tano tu."

"Huwezi. Ni mali ya serikali. Lazima fundi aidhinishwe."

"Kwa hiyo hata dirisha lako linasubiri kibali?"

Alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Nikatoka pale nikijua kwamba nimekwisha.

Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nakwenda hata kama hakuna barua. Kufikia wa nane tulikuwa tunakunywa chai kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, tukigombana kuhusu ukuta ule kama watu waliooana miaka ishirini. Yeye alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajaolewa, anaishi na mama yake. Mwezi wa kumi nikamwambia ninachotaka. Mimi si mtu wa kuzunguka.

"Fundi," akasema, akizungusha kikombe, "nikikukubali leo, kesho watasema ama nimehongwa, ama ninakuadhibu. Kibali kikitoka, njoo nyumbani. Kikikataliwa, njoo nyumbani. Kabla ya hapo, kaa mbali."

"Mbali kiasi gani?"

Akasogeza kiti changu nyuma kwa ncha ya kiatu. "Hapo."

Basi kibali kile hakikunizuilia kazi peke yake. Kilinizuilia mke.

*

Mama yake ndiye aliyevunja ule umbali. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu, anakaa wima kwenye kochi kama yuko mbele ya darasa. Alisikia kuna fundi, akaagiza aletewe amwone. Nikaenda Jumapili mchana nimevaa shati lililonikaba shingo.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita, Mama."

"La saba lilikuwa na shida gani?"

"La saba halikuwa na shida, Mama. Shida ilikuwa la sita."

Binti yake akainama kwenye birika, mabega yakimtikisika.

"Mwanangu ana digrii mbili," Mama akasema.

"Najua, Mama. Ndizo zilizonichelewesha mwaka mzima na zaidi."

"Mdomo unao," akasema. Haikuwa sifa. "Sikufichi, baba. Sikumsomesha huyu aje apikie mtu asiyemaliza shule. Na hata hivyo umechelewa, nyumba hii ina mkwe tayari. Marehemu. Huyo fundi wa ule ukuta wenu. Mwanangu, msomee mgeni ukurasa wako, naye amjue mwenzake."

"Mama jamani."

"Soma."

Ripoti ile nilikuwa nimeibeba kwenye bahasha mara kadhaa, lakini sikuwahi kuifungua. Barua za Ofisi zilikuwa zinasema "thamani ya kihistoria ya ukuta wa mbele" na mimi nikadhani ni uzee tu wa jengo. Sasa Afisa akachukua nakala yake kutoka kabatini, akafungua ukurasa wa kumi na saba, akaanza kusoma. Sauti yake ikabadilika. Ikawa laini, sauti ambayo mimi sijawahi kupewa.

Akasoma kwamba juu ya milango kuna maua arobaini na moja ya chokaa, yaliyofinyangwa kwa vidole, si kwa kalibu. Kwamba jengo lina umri wa miaka tisini na sita, na maua ni ya mwaka uleule, kwa kuwa hayana chembe ya saruji. Kwamba aliyeyafinyanga alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, maana petali karibu zote zimevutwa na kuinamia kushoto. "Jina lake halijulikani," akasoma, "lakini alikuwa mvumilivu, hakurudia kosa mara mbili, na ua la mwisho alilifanya kwa upendo uleule wa ua la kwanza."

Akafunga ripoti taratibu. "Huyu mtu namjua kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi," akasema.

Kwanza niliona wivu. Nasema kweli, nilimwonea wivu maiti wa miaka tisini. Halafu chai ikaniingilia puani, maana akili ilikuwa imefika.

"Na yale matatu?" nikauliza nikikohoa. "Yale ya mlango wa kati?"

Akanishangaa. "Umeyaona? Hayo yanainamia kulia. Nimeandika kwamba ni ya mwanafunzi. Hayana ufundi sana."

Nikaweka kikombe chini, nikaaga. Mama akadhani ameshinda.

*

Ukweli ni huu. Miaka ishirini na minane iliyopita mvua iliangusha ukuta ule. Baba yake Tajiri, aliyekuwa mwenye jengo wakati huo, hakutaka maswali wala kibali. Akamwita Mzee wa Chokaa, fundi aliyenifundisha kazi, tukatundika maturubai mbele ya jengo, tukaujenga upya kwa siku kumi na moja. Mzee alikuwa hagusi saruji, aliiita uji wa wavivu. Tukapika chokaa kama ilivyopikwa zamani. Maua matatu tu ndiyo yaliyosalimika. Macho ya Mzee yalikuwa yameanza kufifia, akaniambia: "Yatazame haya, ufanye mengine wewe." Nilikuwa na miaka ishirini. Nikafanya thelathini na manane.

Kwa mkono wa kushoto.

Kalamu naishika kwa kulia, kikombe kwa kulia, salamu natoa kwa kulia. Mwiko tu ndio ninaoushika kwa kushoto. Na Afisa, kwa sababu ya karatasi zake mwenyewe, alikuwa hajawahi kuniona nikifanya kazi hata siku moja.

Nikisema, ripoti yake inachanika, yeye anachekwa mjini kote, na Tajiri anaangusha ukuta kabla ya jioni. Nikinyamaza, Kamati inakuja Alhamisi kuliweka jengo kwenye orodha ya majengo ya kulindwa milele, naye anaishi na jina lililosimama juu ya uongo wangu. Ningemwoaje mtu hivyo? Kila asubuhi namtazama usoni, na ninajua.

Jumatano nikaenda kwa mjane wa Mzee wa Chokaa. Nilikuwa nimemwapia mumewe kwamba sitasema, nikaona nimwombe ruhusa yeye.

"Mume wangu alikufa na jina safi," akasema, amesimama mlangoni, hajanikaribisha ndani. "Ukilipeleka kwenye karatasi za serikali kwamba alijenga kwa wizi, usinijue tena."

Nikamwambia nimesikia. Nikampigia Afisa simu, nikamwomba aje kwenye jengo kesho saa mbili asubuhi. Kamati ilikuwa inafika saa nne.

*

Akaja na mama yake. "Amekataa kubaki," akasema. Mama alikuwa amevaa viatu vya kanisani kwenye vifusi, ameshika mwavuli na hakuna mvua.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila utangulizi. Akasikiliza bila kupepesa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Tangu lini unajua?"

"Maua najua tangu nilipoyafanya. Ripoti yako nimeijua Jumapili."

"Na Jumapili ukakohoa ukaenda zako! Siku nne, Fundi! Siku nne nimeandaa maneno ya kuwaambia Kamati, na wewe umekaa na hili tumboni!" Sauti ikagonga mabati ikarudi. "Au Tajiri ndiye amekutuma? Ndiyo, ehe? Ameshindwa na wanasheria, sasa ananiletea mchumba!"

"Tajiri hajui hata kama mvua iliwahi kunyesha hapa."

"Mimi nimeandika mtu wa miaka tisini na sita! Nimesimama mbele ya watu nikamlilia!"

"Mimi nipo. Huna haja ya kunililia."

"Usinichekeshe!" Machozi yalikuwa yameshafika. "Thibitisha. Mtu yeyote anaweza kuja akasema yeye ndiye."

Nikaenda kwenye pipa. Nilikuwa nimeloweka chokaa tangu Jumatatu, sijui kwa nini, labda mkono ulijua kabla yangu. Nikaweka ubao juu ya matofali, nikachukua donge, nikakunja shati. Nikafinyanga kwa kushoto. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinapokea, petali inavutwa, inalala. Moja. Mbili. Sikumtazama. Nilisikia pumzi yake ikisogea karibu, halafu karibu zaidi, mpaka nywele zake zikanigusa sikio. Ilipofika petali ya tano akasema kwa sauti ile. Ile laini, aliyompa marehemu.

"Inainama kushoto."

"Siku zote."

"Ni wewe."

"Ni mimi. Na yale matatu uliyosema hayana ufundi ndiyo ya kweli. Ndiyo ya miaka tisini na sita. Mwanafunzi ni mimi, niliyefanya haya mengine."

Akaweka mkono mdomoni. Nilidhani analia, kumbe kicheko kimemzidi nguvu. "Nimemwita fundi mkuu mwanafunzi," akasema, "na mwanafunzi nikamwandikia ukurasa mzima wa mapenzi!"

Mama akausogelea ubao. "Wewe," akaniita. "Shule uliacha kwa nini? Nataka jibu la kweli, si la Jumapili."

"Mwalimu alinifunga mkono huu nyuma ya mgongo kwa kamba, Mama. Mwaka mzima. Nikajifunza kuandika kwa kulia, polepole. Mwaka wa pili alipoishika ile kamba, sikurudi."

Mama akatafuta tofali, akakaa, na viatu vyake vya kanisani. Mwavuli akaulaza magotini.

"Mimi nilikuwa natumia rula," akasema. "Kwenye vifundo vya vidole. Tuliambiwa ndiyo malezi." Akautazama mkono wangu uliojaa chokaa. "Sijui walikwenda wapi wale watoto."

Binti yake akamshika bega. Nje ya mabati milango ya magari ikaanza kufungwa.

"Wamefika," nikasema. "Amua wewe. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, lakini sitakuja nyumbani kwenu tena, maana sitaweza kukutazama."

Alifuta macho, akavaa miwani, akachukua ripoti yake. Alinitazama kwa muda mrefu, nikautambua mtazamo ule. Ni jinsi anavyotazama ukuta kabla ya kuupigania.

"Nani amekwambia ninaogopa kukosea?" akasema. "Simama hapa karibu. Karibu kabisa. Leo umbali umekwisha."

*

Kamati walikuwa watano. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, alipewa kofia ya ujenzi iliyomfunika mpaka nyusi. Tajiri alikuja nyuma yao akinuka manukato.

"Kabla hamjatazama juu," Afisa akasema, "nina neno. Ukurasa wa kumi na saba wa ripoti yangu si sahihi. Ukuta huu ulianguka ukajengwa upya miaka ishirini na minane iliyopita. Maua thelathini na manane ni ya fundi huyu hapa. Kosa ni langu, nimelisema mimi, liandikeni."

Tajiri akapiga kofi kwa furaha. "Si niliwaambia! Feki! Miezi kumi na minne naonewa kwa ajili ya feki! Leteni katapila!"

"Ngoja," Mwenyekiti akasema akiinua kofia. "Ulijengwa na nani?"

Nikataja jina la Mzee wa Chokaa. Lilitoka kwa shida, kama jino.

"Kwa kibali?"

"Bila kibali. Mwenye jengo alikataa maswali."

"Mwenye jengo alikuwa nani wakati huo?"

Watu wote wakamgeukia Tajiri. Manukato yakawa kama yamepungua.

"Marehemu baba," akasema. "Mimi nilikuwa masomoni. Sikuambiwa."

"Nakuamini," Mwenyekiti akasema. "Lakini kwenye fomu yako ya maombi, kifungu cha tisa, umesaini kwamba jengo halijawahi kujengwa bila kibali. Fomu hiyo imekufa. Utaanza upya, mwisho wa foleni."

"Mwisho wa foleni? Miezi mingine kumi na minne?"

"Mwaka huu foleni ni ndefu zaidi."

Hapo Afisa akasogea mbele. Nimewahi kuona watu wakiinua nguzo, lakini sijaona kitu kikisimama wima kama yule mwanamke asubuhi ile.

"Au kuna njia fupi," akasema. "Maua matatu ni ya asili, yanainamia kulia, njooni niwaonyeshe. Picha ya zamani ninayo, mpangilio ni uleule. Kamati siku zote mlisita kwa sababu ya ufa wa kona. Mlisema hakuna fundi wa chokaa aliyebaki mjini wa kuuziba. Yupo. Ukuta wa mbele ubaki, atautengeneza yeye. Nyuma yake jengo jipya, ghorofa sita badala ya nane, lisiumeze ukuta. Maombi yarekebishwe leo, yasainiwe leo."

Mwenyekiti akaja kwenye ubao wangu. Akaligusa lile ua bichi kwa ukucha, akainua uso kutazama yale ya juu, akarudi kwenye langu, akarudi juu. Alifanya hivyo mara tatu, kofia ikimteleza. "Nimekaa kwenye Kamati hii miaka kumi," akasema, "sijawahi kumwona aliyejenga. Huwa tunaletewa picha tu." Akamgeukia Tajiri. "Sita leo, au nane sijui lini?"

Tajiri akatutazama mmoja mmoja. Akaishia kwangu.

"Wewe nilikutuma barua," akasema.

"Na zote nilizifikisha."

Kuna mtu alicheka, halafu wote, na Tajiri mwenyewe mdomo ukamcheza. "Sita," akasema. "Na huo ufa, Fundi, nisiuone tena."

Wakasaini juu ya pipa la chokaa, mbele ya mafundi waliokuwa wameanza kuchungulia kwenye mabati kwa kusikia kelele. Muhuri ulipogonga, walipiga yowe mpaka paka wakakimbia. Mmoja akanirushia mwiko, nikaudaka kwa kushoto.

Afisa akanipa karatasi kwa mikono miwili.

"Fundi, kibali kimetoka."

"Nimekiona."

"Basi Jumapili uje. Na usije na barua."

"Nije na nini?"

"Na shati lisilokukaba."

"Na aje na mwiko," Mama akasema akiinuka kwenye tofali, akijipangusa vumbi. "Bafu langu linavuja, mkwe, na mafundi wote wa mkono wa kulia wameshindwa."

Mkwe. Alilisema akitazama pembeni, kana kwamba limemponyoka. Binti yake alilisikia. Alichukua mkono wangu wa kushoto, na chokaa yake yote, akaushika mbele ya Kamati, mbele ya Tajiri, mbele ya barabara nzima. Hakuuachia.

Tulioana kabla jengo halijafika ghorofa ya pili.

Gharama yake naijua. Yeye alivuliwa wadhifa wake kwa kosa la ripoti, akakaa miezi sita chini kwenye stoo ya majalada, bila dirisha. Ghorofa mbili hazikujengwa. Katika mafundi wangu thelathini na mmoja, kumi na mmoja walikuwa wameshachoka kusubiri, hawakurudi, na wanne kati yao sijui walipo. Na mjane wa Mzee wa Chokaa anapita mbele ya jengo kila Jumamosi akienda sokoni. Namsalimia. Haitikii.